Mwongozo Kamili wa Kusoma Tafsiri za Mababa wa Kanisa: Jinsi ya Kulipima Fumbo Ndani ya Injili

Ilikuwa jioni ya jumuiya ndogo ndogo, tumemaliza kusoma habari za Msamaria Mwema katika Luka 10. Mama mmoja akasema amewahi kumsikia padre akifundisha kwamba zile dinari mbili ni Agano la Kale na Agano Jipya. Kijana aliyekaa karibu na mlango akamjibu palepale: "Mama, dinari ni dinari. Mengine hayo ni ya kujitungia." Wakanigeukia mimi, maana ndiye niliyekuwa naongoza, na sikuwa na jibu.

Nilipokwenda kutafuta, nikakuta kwamba mama yule alikuwa akisema maneno ya Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, kwenye ufafanuzi wake wa Injili ya Luka. Kijana naye, bila kujua, alikuwa amesimama upande wa mwalimu mkubwa: Yohane Krisostomo, mhubiri wa karne hiyohiyo, aliwaonya waumini wa Antiokia wasichimbue kila neno la mfano. Ubishi wetu wa jioni ile ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,600.

Mwongozo huu ni wa kiongozi wa jumuiya, katekista, mhubiri, mwanafunzi wa chuo cha Biblia, au msomaji yeyote anayetaka kuwasoma mababa, yaani walimu na waandishi wa Kikristo wa karne za kwanza, yeye mwenyewe badala ya kuletewa vipande vyao vya kunukuliwa. Nitamtumia Msamaria huyohuyo karibu kote, kwa sababu wengi walimfafanua na tofauti zao zinaonekana wazi. Tenga jioni tatu au nne, Biblia, na daftari. Maandishi mengi ya mababa yanapatikana bure mtandaoni katika tafsiri za Kiingereza za karne ya 19. Hutajwa kwa namba: kitabu, sura, kifungu. Ukiona hotuba ile ile ya Krisostomo inaitwa ya 64 mahali pamoja na ya 65 kwingine, usishtuke, ni hesabu za wachapaji zilizotofautiana.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Swali la "je, fumbo linaruhusiwa au haliruhusiwi?" halitakufikisha mbali. Karibu wote walikubali kwamba Maandiko yana kina kuliko herufi, yaani maana ya wazi ya maneno. Ila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na walichogombania mababa ni urefu wa kamba, na mti wa kuifunga. Kazi yako ni kuitafuta hiyo kamba katika kila baba unayemsoma.

Hatua ya 1: Lisome andiko lenyewe kabla ya kumfungua baba yeyote

Soma Luka 10:25-37 mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Kisha andika majibu ya maswali matatu: nani aliuliza, aliuliza nini, na Yesu alimrudishia swali gani? Mwanasheria aliuliza, "Na jirani yangu ni nani?" Mwishoni Yesu hakumjibu alivyouliza. Alimgeuzia swali: katika hao watatu, ni yupi aliyekuwa jirani yake yule aliyeangukia kati ya wanyang'anyi? Jirani si tena mtu wa kutafutwa nje. Ni jambo la kuwa.

Ukiruka hatua hii, kila tafsiri utakayokutana nayo baadaye itakuvuta kirahisi, kwa kuwa hutakuwa na cha kuipimia.

Hatua ya 2: Pambanua maana tatu za neno "mfano"

Hapa Kiswahili chetu kinatuficha jambo, na nimeona watu wakibishana saa nzima kwa sababu hiyo tu. Katika Biblia ya Union Version, hadithi ya mpanzi ni mfano. Katika Warumi 5:14, Adamu ni "mfano wake yeye atakayekuja". Na katika Wagalatia 4:24, Paulo akiisha kutaja habari za Hajiri na Sara, anasema: "Mambo haya husemwa kwa mfano." Neno moja mara tatu, lakini kwa Kigiriki ni maneno matatu tofauti.

La kwanza ni parabole, hadithi iliyowekwa kando ya jambo ili jambo lionekane. La pili ni typos, alama inayobaki pale muhuri unapogandamizwa: mtu au tukio la kweli linalotangulia tukio kubwa zaidi, kama vile Musa alivyomwinua nyoka jangwani (Yohana 3:14). La tatu linatokana na kitenzi allegorein, kusema jambo moja na kumaanisha jingine, yaani kile ambacho walimu wetu wa fasihi hukiita istiara. Mimi katika daftari langu naandika hadithi, kivuli na fumbo, na kila ninapokutana na neno "mfano" natia herufi H, K au F pembeni.

Utaona faida yake mara moja. Krisostomo alipofika Wagalatia 4:24 alisema Paulo alitumia neno la fumbo kwa kulegeza maana yake, kwa sababu alichokuwa anakieleza hasa ni kivuli: Hajiri na Sara walikuwapo kweli, na maisha yao yalitangulia kuonyesha maagano mawili. Mabishano makubwa kati ya walimu wa Aleksandria, waliopenda fumbo, na wa Antiokia, waliosisitiza historia, yalizunguka mstari huu mmoja.

Na kabla hujaamua kwamba fumbo ni kitu kigeni kilichoingizwa kutoka kwa Wayunani, rudi kwenye Injili. Katika Mathayo 13:36-43 Yesu mwenyewe anafafanua magugu neno kwa neno: shamba ni ulimwengu, mbegu njema ni wana wa ufalme, wavunao ni malaika. Ni kweli kwamba Wayunani waliyasoma mashairi ya Homer kwa mafumbo, na kwamba Filo, Myahudi wa Aleksandria aliyeishi wakati mmoja na mitume, aliisoma Torati hivyo. Mababa walijifunza mengi huko. Lakini mlango haukufunguliwa na Filo peke yake.

Hatua ya 3: Panga tafsiri kando kwa kando

Chora jedwali. Upande wa kushoto andika vitu vya hadithi: mtu aliyeshuka, Yerusalemu, Yeriko, wanyang'anyi, kuhani na Mlawi, Msamaria, mnyama, nyumba ya wageni, dinari mbili, mwenye nyumba. Juu andika majina: Ireneo, Origene, Ambrosi, Augustino. Sasa jaza.

Ireneo, askofu wa Lyon aliyeandika mnamo mwaka 180, anagusa hadithi hii kwa sentensi moja tu katika kitabu chake Dhidi ya Uzushi (3.17.3). Mwanadamu ndiye aliyeangukia kati ya wanyang'anyi. Bwana alimhurumia, akamfunga jeraha, akamkabidhi kwa Roho Mtakatifu, na dinari mbili za kifalme zinahusishwa na sura na chapa ya Baba na Mwana.

Origene alizaliwa Aleksandria mnamo 185, baba yake akauawa kwa ajili ya imani mwaka 202, na baadaye akahamia Kaisaria ya Palestina, ambako alihubiri karibu kila kitabu cha Biblia. Hotuba zake 39 juu ya Luka zimetufikia kwa Kilatini cha Jeromu, mfasiri wa Biblia. Katika hotuba ya 34 hasemi kwamba tafsiri ni yake. Anasema ameipokea kwa mmoja wa wazee: mtu aliyeshuka ni Adamu, Yerusalemu ni paradiso, Yeriko ni ulimwengu, wanyang'anyi ni nguvu za uadui, kuhani ni Sheria, Mlawi ni manabii, Msamaria ni Kristo, majeraha ni kutotii, mnyama ni mwili wa Bwana, nyumba ya wageni ni Kanisa, dinari mbili ni Baba na Mwana, mwenye nyumba ni mkuu wa Kanisa, na ahadi ya kurudi ni ujio wa pili. Neno hilo "mmoja wa wazee" lipigie mstari. Linaonyesha kwamba tafsiri hii ilikuwa mali ya jumuiya kabla ya kuwa mali ya msomi.

Ambrosi, kama tulivyoona, anasema dinari mbili ni Maagano mawili. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, anafuata njia ya Origene katika Maswali juu ya Injili (2.19), lakini anabadilisha. Yeriko kwake ni mwezi, unaokua na kupungua kama uhai wetu wa kufa. Dinari mbili ni amri mbili za upendo. Mwenye nyumba ya wageni ni mtume Paulo.

Jedwali likijaa, tazama nini kimesimama na nini kinahama. Adamu, Kristo na Kanisa havihami. Dinari zinahama: Baba na Mwana, Maagano mawili, amri mbili. Mwenye nyumba anahama: Roho, mkuu wa Kanisa, Paulo. Kilichosimama ni ukiri wa imani: mwanadamu ameanguka, Mungu amemjia, anamtunza ndani ya Kanisa, atarudi. Kinachohama ni mambo ambayo imani haisimami wala kuanguka juu yake, na hapo mhubiri alijipa uhuru.

Kosa la wasomaji wengi wa leo ni kufunga kitabu hapa, wakisema wazee hawa waliipoteza hadithi ya upendo wa jirani. Endelea kusoma. Origene anasema maneno ya mzee yule ni mazuri na ya busara, ila hayamhusu kila mtu, na anamalizia kwa kusema kwamba tunaweza kumwiga Kristo kwa kuwahurumia walioanguka kati ya wanyang'anyi. Augustino naye, katika Mafundisho ya Kikristo (1.30), anaichukua hadithi hiyohiyo bila fumbo lolote: jirani ni kila mtu anayestahili kutendewa huruma, hakuna aliyeachwa nje. Mtu mmoja, usomaji wa aina mbili, na hakuona mgongano.

Mimi naongeza jambo ambalo linanifanya nisiwadharau. Katika Luka 10:33 Msamaria "alimhurumia" yule mtu, na kwa Kigiriki kitenzi hicho ni cha huruma inayotoka matumboni. Luka anakitumia mara tatu tu katika Injili yake: Yesu kwa mjane wa Naini (7:13), Msamaria, na baba wa mwana mpotevu (15:20). Aliyemwona Kristo katika Msamaria hakuokota wazo lake barabarani.

Hatua ya 4: Uliza anabishana na nani

Hatua hii ndiyo iliyonifungua macho kuliko zote. Baba wa Kanisa mara chache anaandika akiwa amepumzika. Kuna mtu mbele yake, na usipomjua mtu huyo, maneno yake yataonekana ya ajabu.

Anza na wafuasi wa Valentino, mwalimu wa karne ya 2 ambaye Kanisa lilimhesabu mzushi. Hawa walifundisha kwamba ukamilifu wa kimungu una eoni 30, yaani nguvu za milele zilizotoka katika Baba wa yote. Ushahidi wao? Yesu alianza kazi akiwa na umri wa miaka kama 30. Na katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu watu waliajiriwa saa ya kwanza, ya tatu, ya sita, ya tisa na ya kumi na moja: jumlisha 1, 3, 6, 9 na 11, utapata 30. Hesabu ni sahihi kabisa. Ndiyo maana ilikuwa ya hatari.

Jibu la Ireneo (1.8.1) lastahili kukaririwa na kila mhubiri. Anasema ni kama sanamu nzuri ya mfalme iliyopangwa na fundi kwa vijiwe vya thamani. Akaja mtu akavibomoa, akavipanga upya kuwa umbo la mbwa au mbweha, tena vibaya, kisha akawaambia watu wasiojua: tazameni sura ya mfalme, maana vijiwe ni vilevile. Ireneo hamlaumu mtu kwa kutumia fumbo, kwa kuwa tumeona naye analitumia. Analaumu vijiwe kupangwa bila kujali mchoro wa awali.

Sasa mgeukie Marsioni. Huyu alitoka Ponto, akaja Roma, na mnamo 144 akatengana na Kanisa la huko. Alibaki na Injili moja, ya Luka aliyoikatakata, pamoja na barua za Paulo. Na Marsioni alikataa fumbo. Aliisoma Torati kwa herufi, akamkuta humo Mungu wa vita na hasira, akahitimisha kwamba huyo si Baba wa Yesu Kristo. Kwa hiyo anayesema "tusome kama ilivyoandikwa, tutakuwa salama" akumbuke kwamba herufi nayo ilimpoteza mtu. Origene alipotetea maana ya kiroho, nusu ya macho yake yalikuwa kwa Marsioni na nusu nyingine kwa Valentino: mmoja hana fumbo, mwingine hana kamba.

Yuko pia Herakleoni, mfuasi wa Valentino, aliyeandika ufafanuzi wa kwanza unaojulikana wa Injili ya Yohana. Kitabu chake kimepotea. Tunamjua hasa kwa vipande ambavyo Origene alivinukuu ili avipinge. Unapomsoma, weka alama ya tahadhari: unamsikia mshtakiwa kupitia kinywa cha mshtaki, hata kama mshtaki ni mwaminifu.

Mtu wa mwisho katika hatua hii ni Tertuliani wa Karthago, kwa kuwa anaonyesha kwamba hata anayepinga fumbo ana lake. Katika kitabu chake Juu ya Usafi anawahoji wanaotafuta maana kila mahali: kwa nini kondoo ni mia? Kwa nini drakma ni kumi? Na ufagio wa yule mwanamke ni nini? Maswali mazuri. Lakini angalia alikuwa anapigania nini: alipinga wazinzi waliotubu kupokelewa tena katika Kanisa, hivyo alihitaji mwana mpotevu awe mpagani na asiwe Mkristo aliyeanguka. Ukali wake wa kusoma ulikuwa na kazi ya kufanya. Andika daftarini, mbele ya kila jina: anampinga nani, na anataka kushinda nini?

Hatua ya 5: Itafute kamba

Kila baba makini anasema mahali fulani ni nini kinachomzuia. Usipopaona, bado hujamsoma vya kutosha.

Kwa Ireneo, kamba ni kanuni ya ukweli ambayo muumini huipokea wakati wa ubatizo: Mungu mmoja aliyeumba vyote, Mwana aliyefanyika mwili, Roho aliyenena kwa manabii. Tafsiri inayovunja hapo imekatika, hata iwe na hesabu nzuri kiasi gani.

Kwa Origene, kamba imo ndani ya andiko lenyewe, na watu wengi humsingizia hapa. Katika kitabu cha 4 cha Juu ya Mianzo anasema Mungu ameweka vikwazo ndani ya maandishi ili msomaji ashtuke na kutafuta zaidi. Mfano wake ni majaribu ya Yesu: ni mlima gani ambao mtu akiupanda ataona kwa macho ya mwili falme za Waajemi, Waskithi na Wahindi kwa pamoja? Kwake herufi inapokwama, ni ishara ya kuchimba. Lakini palepale (4.3.4) anaongeza kwamba mambo yaliyo kweli kwa historia ni mengi zaidi kuliko yale yenye maana ya kiroho peke yake. Sentensi hiyo huachwa na wanaomnukuu ili wamhukumu.

Kwa Augustino kuna kamba mbili. Ya kwanza ni upendo: anayedhani ameyaelewa Maandiko lakini uelewa wake haujengi upendo wa Mungu na jirani, hajayaelewa bado (Mafundisho ya Kikristo 1.36). Ya pili iko katika barua yake ya 93, ya mwaka 407 au 408, kwa Vincentius, askofu wa tawi moja la Wadonati. Wadonati, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga na Kanisa Katoliki, walishikilia mstari wa Wimbo Ulio Bora kama uthibitisho kwamba Kanisa la kweli liko kwao. Augustino akajibu kwamba hakuna mwenye haya anayeweza kulichukua jambo lililosemwa kwa fumbo na kulifanya hoja ya upande wake, asipokuwa na ushuhuda mwingine ulio wazi wa kuliangazia. Kwa lugha ya leo: fumbo linaweza kupamba fundisho, haliwezi kulizaa. Kama ningeruhusiwa kubaki na kanuni moja tu katika mwongozo huu, ningebaki na hii.

Hatua ya 6: Wasikilize Waantiokia wenyewe

Vitabu vya utangulizi hupenda kusema: Aleksandria fumbo, Antiokia herufi. Ni mgawanyo unaofaa siku ya kwanza ya darasa, baada ya hapo unadanganya.

Teodoro wa Mopsuestia, aliyefariki mwaka 428, kwa kweli alikuwa mkali. Akifafanua Wagalatia 4:24 analalamika kwamba kuna watu wanamtumia mtume kama kisingizio cha kufuta historia: Adamu si Adamu, paradiso si paradiso, nyoka si nyoka. Hofu yake ilikuwa nzito. Kama Adamu hakuanguka kweli, Kristo alikuja kuponya nini? Hata hivyo yeye na mwalimu wake Diodoro wa Tarso hawakubaki kwenye herufi. Walikuwa na neno lao, theoria, yaani kutazama kwa makini mpaka uone, ndani ya tukio lenyewe, kitu kinachozidi tukio. Sharti lao lilikuwa kwamba ghorofa ya juu isimame juu ya ile ya chini, isiibomoe.

Krisostomo, mwanafunzi mwingine wa Diodoro, ndiye wa kuanza naye kwa kuwa anasomeka. Katika hotuba zake 90 juu ya Mathayo, akifika kwa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, anasema haifai kuchunguza kila neno la mfano. Ukiisha kujua mfano ulitungwa kwa lengo gani, vuna hilo, usijisumbue na mengine. Ndilo jibu la kijana wetu wa mlangoni. Lakini Krisostomo huyohuyo, akiwafundisha waliokuwa wametoka kubatizwa, aliiona katika damu na maji yaliyotoka ubavuni mwa Yesu (Yohana 19:34) Ekaristi na ubatizo, akasema Kanisa lilitoka ubavuni mwa Kristo kama Hawa alivyotoka ubavuni mwa Adamu.

Na kwa anayependa kuchagua timu: mwaka 553, Mtaguso wa Pili wa Konstantinopoli, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilaani jina la Origene na la Teodoro pamoja. Bingwa wa fumbo na bingwa wa historia, wote katika mtaguso mmoja. Hawakulaaniwa hasa kwa namna ya kusoma, bali kwa mafundisho mengine waliyohusishwa nayo, lakini inatosha kuonyesha kwamba njia ya kusoma peke yake haikumwokoa mtu wala kumwangamiza.

Hatua ya 7: Namba zipime haraka, kisha endelea

Utakutana nazo hasa kwa Augustino. Samaki 153 wa Yohana 21: ukijumlisha 1 hadi 17 unapata 153, na 17 ni amri 10 na vipaji 7 vya Roho. Mgonjwa wa miaka 38 katika Yohana 5: ni 40 pungufu ya 2, kwa kuwa alikosa zile amri mbili za upendo. Jiulize tu: fundisho hili lingesimama bila namba hii? Hapa lingesimama, basi namba ni pambo na unaweza kulifurahia. Eoni 30 za Valentino zikiondolewa namba, hazina kitu cha kukalia.

Hatua ya 8: Tazama tafsiri ilitumika kufanya nini

Hatua hii inaniuma kuiandika, lakini kuiacha si uaminifu. Katika barua ileile ya 93, ambamo Augustino alituachia kanuni yake bora, alitetea matumizi ya nguvu ya dola dhidi ya Wadonati, na moja ya nguzo zake ilikuwa mfano wa karamu katika Luka 14:23, ambapo mtumwa anaambiwa awashurutishe watu waingie. Mwenye karamu wa kwenye hadithi akageuka kuwa sera ya kuwashurutisha watu wa kweli. Mwalimu wa upendo alikuwa na kamba mkononi, na siku hiyo hakujifunga nayo. Karne nyingi baadaye mstari huo uliendelea kutumiwa kuwatesa watu kwa ajili ya imani.

Kwa hiyo, katika safu ya mwisho ya jedwali lako, andika: nani aliumia au aliponywa kwa tafsiri hii?

Hatua ya 9: Andaa fundisho lako

Simulia kwanza hadithi kama Luka alivyoisimulia, mpaka wasikilizaji waione barabara ya Yeriko. Kisha, kama utaleta tafsiri ya baba, mtaje kwa jina na wakati wake: "Origene, katika karne ya 3, alipokea kwa wazee wake kwamba..." Usiseme "maana yake hasa ni". Chagua kitu kimoja tu, mnyama au nyumba ya wageni, usiwamwagie watu jedwali zima. Onyesha ukiri wa imani uliosimama nyuma yake na andiko jingine lililo wazi linalouthibitisha. Halafu rudi kwenye amri ya mwisho, "nawe ukafanye vivyo hivyo", na utaje jambo la kufanywa wiki hiyo.

Jumuiya ilipokutana tena nilifanya hivyo. Nilimwambia mama kwamba neno lake ni la Ambrosi na ni zuri, ila halituambii Luka alikusudia nini. Nilimwambia kijana kwamba Krisostomo yuko naye, ila Krisostomo angemtaka aseme lengo la mfano, si kuishia kwenye "dinari ni dinari". Akafikiri kidogo, akasema lengo ni kwamba mgeni tuliyemdharau ndiye aliyejua kupenda. Tukakaa kimya kwa muda. Kisha tukapanga zamu ya kumtembelea mgonjwa aliyekuwa jirani na pale, ambaye hakuwa wa dhehebu letu.

Zoezi la kuendelea nalo

Ukimaliza Msamaria, chukua Mathayo 20:1-16, wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Tayari unao Wavalentino na hesabu yao ya 30. Tafuta Ireneo 4.36.7, ambako walioitwa nyakati mbalimbali wote wanapewa dinari moja na mwenye shamba mmoja, kwa kuwa Mungu ni mmoja. Ongeza ufafanuzi wa Origene juu ya Mathayo, kitabu cha 15, ambako saa za siku zinakuwa vipindi vya historia ya ulimwengu na pia umri wa mtu mmoja tangu utotoni hadi uzeeni. Malizia na hotuba ya Krisostomo niliyoitaja, anayesema lengo ni kuwatia moyo walioongoka uzeeni wasijione wamechelewa. Jaza jedwali, tia herufi H, K na F, andika kila mmoja anampinga nani. Na kabla ya yote hayo, soma mstari wa 15 kwa sauti, pale mwenye shamba anapouliza kama jicho la mwenzake limekuwa ovu kwa sababu ya yeye kuwa mwema, uone ni tafsiri gani kati ya hizo inaweza kulijibu swali hilo.